Punguzo la 40, 10 na 5: kwa nini halifiki 55, na bei ya orodha imeandikwa kwa ajili ya nani?

#1 Mizani (mleta mada)

Wakuu, salaam. Nimepokea ankara kutoka kwa msambazaji ambaye kwa miezi kadhaa amekuwa akinihimiza nichukue mzigo mkubwa zaidi. Bei ya orodha ya kila kipande ni 1,200, na chini yake kumeandikwa "toa 40, toa 10, toa 5", zote zikiwa ni asilimia. Kabla ya kuagiza nilijumlisha kichwani, nikapata 55, nikajiwekea kwamba kila kipande kitanigharimu 540. Ankara inasema 616.

Nina maswali mawili. La kwanza ni jepesi: je, nimepunjwa? La pili ndilo linalonisumbua zaidi. Ikiwa simfahamu hata mtu mmoja aliyewahi kulipa 1,200 kwa kipande hiki, namba hiyo imewekwa pale kwa ajili ya nani?

#2 Kalamu ya Risasi

Ndugu mleta mada, hukupunjwa, au tuseme hukupunjwa kwa kiasi unachokidhani. Kila unapoona asilimia, swali la kwanza liwe "asilimia ya nini?" Ile 40 ni ya 1,200, yaani 480, na zinabaki 720. Ile 10 si ya 1,200 tena, bali ni ya 720 zilizobaki, yaani 72, na unabakiwa na 648. Ile 5 ni ya 648, yaani 32.4, na mwisho wake ni 615.6.

Njia fupi ni kuhesabu kinachobaki badala ya kinachoondoka. Ukitoa 40 inabaki 0.6, ukitoa 10 inabaki 0.9, ukitoa 5 inabaki 0.95. Zidisha zote tatu upate 0.513. Kwa hiyo unalipa asilimia 51.3 ya bei ya orodha, na punguzo lako zima ni asilimia 48.7. Kwa nini ameandika 616 badala ya 615.6, hilo muulize yeye.

#3 Tumbiri

Kama mapunguzo yangejumlishwa kama mawe kwenye ndoo, mapunguzo mawili ya asilimia 50 yangekupa mzigo wa bure, na la tatu lingemlazimu muuzaji akulipie na nauli ya kurudi nyumbani. Nadhani hapo ndipo mleta mada alipokuwa anaelekea.

#4 Mwalimu wa Jioni

Usimcheke, Tumbiri, kwa maana kosa hilo nakutana nalo kila muhula, na lina ndugu yake aliye mbaya zaidi. Mwambie mtu kwamba bidhaa inauzwa 160 baada ya kupunguzwa asilimia 20, kisha umuulize bei ya mwanzo. Wengi watachukua asilimia 20 ya 160, yaani 32, waiongeze, na kukujibu 192 bila wasiwasi wowote. Jibu sahihi ni 200, kwa sababu 160 ni asilimia 80 ya bei ya mwanzo, na kuirudia ni kugawanya kwa 0.8, si kuongeza kile unachodhani kiliondolewa. Uthibitisho uko mkononi: toa asilimia 20 katika 192 uone kama utafika 160.

Nakiri hadharani kwamba miaka mingi iliyopita nilimnyima mwanafunzi alama kwa kuandika 200, kwa sababu karatasi yangu ya majibu, niliyoiandaa usiku nikiwa nimechoka, ilisema 192. Alikuja mezani kwangu na kikotoo, hakusema neno, akabonyeza tu.

#5 Bi Makini

Ahsante, Mwalimu. Hata hivyo, naona sote tumekimbilia swali jepesi na kuliacha gumu. Kwa maoni yangu, bei ya orodha ni chambo.

Nilikuwa nikifuatilia jokofu moja. Wiki ya kwanza liliuzwa 900, bila tangazo lolote. Wiki tatu baadaye nikalikuta lile lile likiwa na kibandiko cha 1,250 kilichokatwa kwa mstari mwekundu, na pembeni yake maneno "punguzo la asilimia 28". Nikafanya hesabu pale pale: asilimia 28 ya 1,250 ni 350, na 1,250 ukitoa 350 ni 900. Hesabu ilikuwa sahihi kabisa, hadi nukta, na ndiyo maana nasema kujua kukokotoa asilimia hakutulindi. Uongo haukuwa katika asilimia bali katika ile 1,250.

#6 Karani Mstaafu

Bi Makini, kwa heshima, unachanganya mambo mawili. Nimekaa katika ofisi za hesabu zaidi ya miaka thelathini, na katika biashara ya jumla bei ya orodha haimdanganyi mtu yeyote, kwa sababu kila anayeisoma anajua kwamba hatailipa.

Kazi yake ilikuwa nyingine. Katalogi lilikuwa kitabu kinene chenye maelfu ya bidhaa, na kulichapa upya kila bei inapobadilika kungekuwa ni kuchoma fedha. Kwa hiyo bei ya orodha iliachwa kama ilivyo, na kilichotumwa kwa wateja ni karatasi moja tu yenye mapunguzo mapya. Zaidi ya hapo, kitabu kimoja kiliwahudumia watu wa ngazi tofauti: fundi anayenunua vipande viwili alipewa 20, mwenye duka la rejareja alipewa 40, na anayebeba mzigo mkubwa aliongezewa 10 na pengine 5 juu yake. Kila mmoja alijua mahali pake bila kuona bei ya mwenzake. Ile 1,200 ya mleta mada ni alama ya kupimia tu, kama sifuri kwenye rula.

Ndiyo maana katika vitabu vya hesabu punguzo la kibiashara haliandikwi kabisa. Mali inaingizwa kwa 615.6, na 1,200 haionekani popote. Punguzo la kulipa mapema ndilo lenye mstari wake. Mali bila daftari hupotea bila habari, lakini daftari lenye bei ambazo hazikuwahi kulipwa ni hatari vilevile.

#7 Kaunta ya Nyuma

Mimi ni muuzaji, na nasema Bi Makini na Karani wote wawili wako sahihi, kila mmoja upande wake wa kaunta. Kwa mleta mada nina ushauri mmoja wa bure: siku nyingine dai punguzo kubwa litangulie, kwa maana ukianza na 40 unapata zaidi kuliko ukianza na 5.

#8 Kalamu ya Risasi

Kaunta ya Nyuma, hapo umeteleza. 0.95 × 0.9 × 0.6 nayo ni 0.513. Anza na lolote utakalo, utaishia 615.6, kwa sababu kuzidisha hakujali nani ametangulia.

Mpangilio huanza kuwa na maana pale asilimia inapokutana na kiasi kisichobadilika. Chukua bei ya 1,000, punguzo la asilimia 20 na kuponi ya 100. Asilimia ikitangulia, unashuka hadi 800, kisha kuponi inakufikisha 700. Kuponi ikitangulia, unabaki na 900, na asilimia 20 yake inakuacha kwenye 720. Kwa mnunuzi, asilimia itangulie na kuponi ifuate, kwa kuwa vinginevyo kuponi yenyewe inapunguzwa thamani.

Kodi nayo ina jambo lake. Kama kodi ni asilimia 20 na punguzo ni asilimia 10, na vyote viwili vinagusa kiasi kizima, 1,000 inakuwa 1,080 kwa njia yoyote ile. Lakini muuzaji akikokotoa kodi juu ya 1,000 ya orodha, yaani 200, halafu akatoa punguzo kwenye bei peke yake, utalipa 1,100. Nimeziona ankara za namna hiyo, na kila mstari wake ukiusoma peke yake unaonekana hauna kasoro.

#9 Kaunta ya Nyuma

Nimekubali, na nimejaribu kwa kikotoo kabla ya kukubali. Kwa kuwa leo ni siku ya kukiri, ngoja na mimi niseme la kwangu. Nilipoanza biashara nilikuwa naongeza asilimia 25 juu ya gharama. Mzigo mmoja ulinigharimu 800 kwa kipande, nikauza 1,000. Msimu ulipokwisha nikatangaza punguzo la asilimia 25 ili niondoe mabaki, nikiamini kwamba narudi palepale nilipoanzia, bila faida na bila hasara. Asilimia 25 ya 1,000 ni 250, kwa hiyo niliuza 750, na kila kipande kilichotoka mlangoni kilitoka na 50 zangu. Wateja walinishukuru sana.

Baadaye nilielewa kwamba faida inayohesabiwa juu ya gharama na faida inayohesabiwa ndani ya bei ya kuuzia ni namba mbili tofauti, hata kama shilingi zenyewe ni zile zile. Ile 200 ni asilimia 25 ya 800, lakini ni asilimia 20 tu ya 1,000. Punguzo hukatwa kwenye bei ya kuuzia, kwa hiyo mwisho wangu ulikuwa 20.

#10 Msomaji wa Pembeni

Naomba kuongeza sababu ya tatu kwenye swali gumu. Mwaka 1981 Amos Tversky na Daniel Kahneman walichapisha jaribio katika jarida la *Science*. Waliwaambia watu kwamba wananunua koti la dola 125 na kikotoo cha dola 15, kisha muuzaji anawaeleza kwamba kikotoo hicho hicho kinauzwa 10 katika tawi jingine lililo umbali wa dakika 20 kwa gari. Asilimia 68 walisema wangekwenda. Kundi jingine liliambiwa kwamba kikotoo ndicho cha 125 na kule kinauzwa 120, na hapo ni asilimia 29 tu waliokuwa tayari kwenda. Dola zinazookolewa ni 5 zile zile, na safari ni ile ile.

Maana yake ni kwamba hatupimi tunachookoa, bali tunapima uwiano wake na bei iliyoandikwa. Bei ya orodha ndiyo inayotengeneza uwiano huo, na kwa hiyo inafanya kazi hata pale ambapo haimdanganyi mtu.

#11 Tumbiri

Nimeelewa: nikiokoa 5 kwenye kikotoo cha 15 mimi ni shujaa, nikiokoa 5 kwenye kikotoo cha 125 mimi ni bahili. Wakati huohuo naomba wanaoandika "asilimia 20 kwa mia" waache, kwa maana hiyo mia imo tayari ndani ya asilimia, na kuirudia hakuongezi punguzo. Na wewe Karani, ulitaja punguzo la kulipa mapema kana kwamba ni jambo kubwa. Wasambazaji wengi hutoa asilimia 2, na kwa asilimia 2 mimi sinyanyuki kwenye kiti.

#12 Karani Mstaafu

Kijana, keti vizuri basi tuhesabu. Ankara inasema: asilimia 2 ukilipa ndani ya siku 10, vinginevyo lipa yote ndani ya siku 30. Kwa ankara ya 100, siku ya kumi unaweza kumaliza deni kwa 98. Ukikataa, unabaki na hizo 98 kwa siku 20 zaidi, na unazilipia 2. Huo ni mkopo. Gharama yake ni 2 gawanya kwa 98, yaani asilimia 2.04 kwa siku 20, na siku 20 zinaingia katika mwaka mara 18 na robo. Zidisha upate asilimia 37 na ushei kwa mwaka, bila hata kuhesabu riba juu ya riba. Nitajie mkopeshaji anayekutoza hivyo nawe ukaendelea kukaa kwenye kiti.

#13 Wakili wa Kivulini

Mjadala mzuri. Naona kila mmoja anazungumzia bei ya orodha kana kwamba ni kitu kimoja, wakati sheria zenyewe hazikubaliani. Nchini India bidhaa zilizofungashwa huchapwa bei ya juu kabisa ya rejareja, kodi zote zikiwamo, na muuzaji haruhusiwi kuivuka: pale namba hiyo ni dari. Nchini Ufaransa sheria ya tarehe 10 Agosti 1981 inampa mchapishaji wa kitabu haki ya kupanga bei, na muuza vitabu hawezi kupunguza zaidi ya asilimia 5: pale ni sakafu, au karibu na sakafu. Nchini Marekani sheria ya mwaka 1958 inalazimisha gari jipya liwe na kibandiko dirishani chenye bei inayopendekezwa na mtengenezaji, lakini muuzaji yuko huru kuuza juu au chini yake: pale ni pendekezo.

Kuhusu jokofu la Bi Makini, Umoja wa Ulaya umeweka kanuni, iliyoanza kutumika Mei 2022, kwamba anayetangaza punguzo lazima aonyeshe bei ya chini kabisa aliyouzia katika siku zisizopungua 30 zilizotangulia. Septemba 2024 Mahakama ya Haki ya Umoja huo ikafafanua kwamba haitoshi kuiandika bei hiyo kwa maandishi madogo pembeni. Asilimia yenyewe inayotangazwa lazima ikokotolewe kutokana nayo.

#14 Bi Makini

Ahsante, Wakili. Kwa kanuni hiyo jokofu langu lingekuwa na punguzo la asilimia sifuri, kwa sababu wiki tatu ni siku 21, na bei ya chini kabisa ndani ya siku 30 ilikuwa 900. Karani, unaona? Watunga sheria hawahangaiki na alama za kupimia. Wanahangaika na chambo.

#15 Kaunta ya Nyuma

Msifurahi mapema. Mwenye subira anapandisha bei, anangoja mwezi upite huku haiuzi, kisha anatangaza punguzo lake akiwa ndani ya kanuni. Isitoshe, kanuni hizo zinamlinda mlaji wa mwisho, na mleta mada si mlaji bali ni mfanyabiashara anayenunua ili auze.

#16 Mwalimu wa Jioni

Na zipo ofa ambazo hazitaji asilimia kabisa, hivyo hata kanuni ya siku 30 mnunuzi haioni inamhusu. "Lipa mbili, uchukue tatu" ni punguzo la theluthi moja kwa kila kipande, ilimradi ulihitaji vipande vitatu. "Cha pili kwa nusu bei" inasikika kama asilimia 50, lakini kwa jumla ya vipande viwili ni asilimia 25.

#17 Tumbiri

Basi wauzaji wote waache orodha na mapunguzo, waandike bei moja ya kweli. Kampuni moja kubwa ya Marekani, J.C. Penney, ilijaribu mwaka 2010 na ikakaribia kuanguka. Wanunuzi wenyewe wanataka kudanganywa.

#18 Msomaji wa Pembeni

Ni mwaka 2012, si 2010. Mkurugenzi wake, Ron Johnson, aliyetokea Apple, aliondoa kuponi na mapunguzo ya kila mara akaweka bei za chini zisizobadilika. Mauzo ya mwaka huo yalishuka kwa takriban robo, na Aprili 2013 akaondolewa. Lakini sikubaliani na hitimisho lako, kwa sababu katika kipindi hicho hicho alibadilisha pia mpangilio wa maduka na aina za bidhaa. Huwezi kubadilisha mambo matatu kwa mpigo kisha ukalihukumu moja.

#19 Mizani (mleta mada)

Wakuu, nawashukuru. Nimezungumza na msambazaji. Kuhusu 616, alisema mashine yake hukamilisha desimali kwa kila kipande. Nilichukua vipande 48. Kwa 615.6 ningelipa 29,548.8, na kwa 616 natakiwa kulipa 29,568. Tofauti ni 19.2. Nimeona aibu kuidai.

Jambo la pili, amenitumia orodha mpya. Bei ya orodha imepanda kwa asilimia 8, yaani 1,296, na mapunguzo ni yale yale ya 40, 10 na 5. Aliniambia kwa furaha kwamba "punguzo lako halijaguswa".

#20 Karani Mstaafu

Aibu ya nini? Mwambie akamilishe desimali kwenye jumla, si kwenye kipande, kwa sababu mwakani utachukua vipande 4,000. Kwa orodha mpya zidisha 1,296 kwa 0.513, upate 664.85. Kwa kuwa kizidisho hakikubadilika, bei yako imepanda asilimia 8 ile ile. Hakuna kilichofichwa hapo.

#21 Bi Makini

Kimefichwa kwenye neno "halijaguswa". Mzee Karani, ulituambia kwamba orodha hubaki na karatasi ya mapunguzo ndiyo inayobadilika. Huyu amefanya kinyume, na mteja wake alikuwa karibu kushukuru. Rula yako imesogezwa sifuri yake.

#22 Karani Mstaafu

Siku hizi orodha haichapwi, inabadilishwa kwa kubonyeza. Hilo nalikubali. Lakini bado si chambo, kwa maana aliiona 1,296 kwa macho yake.

#23 Kaunta ya Nyuma

Mleta mada, kabla hawa wawili hawajaendelea, angalia ile 5 ya mwisho imeandikwaje. Kwangu ya tatu hutolewa kwa masharti: kiasi cha mzigo, au kulipa kabla ya tarehe fulani.

#24 Mizani (mleta mada)

Nimeangalia. Kuna nyota ndogo pembeni yake, na chini kabisa ya ukurasa imeandikwa "kwa malipo ndani ya siku 14". Leo ni siku ya 13. Nitarudi kwenye uzi baadaye.